Siku Moja Juu ya Ziwa Tanganyika

Sisi watu wa Tabora ni watu wa nchi kavu. Wazee wetu walisafiri kwa miguu, nasi twasafiri kwa gari la moshi na kwa basi. Habari za maji makubwa si zetu. Mtoto wa kwetu hujua kisima, na bwawa la Igombe, na vijito vinavyokauka masika yakiisha. Kwa hiyo msitucheke tukiwaeleza kama jambo kubwa kwamba katika mwezi wa Julai, mwaka 2014, twalikaa juu ya merikebu siku nzima, tangu alfajiri mpaka usiku, wala hatukufanya kazi yo yote.

Sababu ya safari ilikuwa Mama Mkubwa, dada yake mama aliyetuzaa. Wakati ule alikuwa akikaribia miaka themanini. Mwanawe ni mwalimu wa shule upande wa Kirando, katika nchi ya Ufipa, kando ya ziwa, naye alimpelekea nauli aje kuwaona wajukuu. Twalimshauri apande basi la Mpanda, maana njia ile ni fupi zaidi. Akakataa. Akasema, "Nataka kupita majini." Tulipomuuliza kwa nini, hakujibu, akaendelea kuchagua mchele wake. Basi, kwa kuwa mzee hawezi kwenda peke yake, na kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na nafasi siku zile, twalipewa kazi ya kumsindikiza. Twalichukua pia madaftari thelathini ya wakatekumeni ili tuyasahihishe njiani, tusije tukasemwa kwamba tumekwenda kutembea.

Reli ya kutoka Tabora mpaka Kigoma ilifika mwisho wake mwezi wa Februari, mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa yafuata upande ule ule wa njia ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo ikaishia Ujiji. Wazungu Burton na Speke walifika Tabora kwa njia hiyo tarehe 7 Novemba 1857, nao waliuita mji wetu Kazeh. Ziwa hawakuliona mpaka Februari ya mwaka uliofuata. Sisi twaliondoka jioni, na kesho yake tulikuwa Kigoma. Urambo, mji wa Mirambo, twaliupita gizani. Mtu yule aliyeifunga njia mwaka 1871 hata Stanley akalazimika kuzunguka kusini, sisi twalimpita tukiwa tumelala. Asubuhi twaliona mto Malagarasi, halafu Uvinza penye chumvi, ambayo zamani wapagazi waliinunua na kuichukua mbali. Kila tulipoona mwembe mkubwa umesimama peke yake porini, abiria mmoja mzee alisema, "Hapo walipumzika." Huenda ni kweli, huenda si kweli, miembe mingi imepandwa na watu wa juzi tu.

Hapa lazima tuseme neno la nyumbani kwetu. Babu wa baba yetu alikuwa mpagazi, Mnyamwezi halisi. Alichukua frasila mbili begani mpaka pwani, akarudi na nguo za merikani na shanga, akaoa kwa mali hiyo. Habari hii husemwa kwetu kwa sauti kubwa, hasa siku za arusi. Lakini upande wa mama ni Wamanyema, na habari za upande huo husemwa kwa sauti ndogo, au hazisemwi kabisa. Tabora nzima iko hivyo. Mtu atakueleza ukoo wake vizuri mpaka afike mahali fulani, hapo ataanza kuuliza habari za mvua.

Merikebu tuliyopanda Kigoma ndiyo Liemba. Wengi wenu mmeisikia, lakini twapenda kueleza habari zake, maana ni za ajabu. Wadachi waliijenga mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, kisha wakaifungua tena vipande vipande, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaileta Dar es Salaam kwa bahari, na toka huko kwa reli mpaka Kigoma. Hapo mafundi wakaiunganisha, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala nchi hii tangu 1901 mpaka 1906. Haikukaa sana. Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, Wadachi waliizamisha wao wenyewe; lakini kwanza mafundi walipaka mitambo mafuta mazito, kama mtu afichaye jembe lake akitumaini kulirudia. Kulirudia hawakurudi. Waingereza ndio walioiinua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini ya ziwa alipofika huko mwaka 1867. Kwa muda mrefu ilikwenda kwa mvuke, kisha katika miaka ya 1970 ikatiwa injini za dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi kwao Kongo. Na mwaka mmoja baada ya safari yetu, Mei 2015, iliwachukua Warundi waliokuwa wamejaa katika kijiji cha Kagunga, watu mia sita kwa safari moja, ikawaleta Kigoma. Mwaka 2018 ikasimamishwa ili itengenezwe. Kwa hiyo siku tunayoieleza ni siku ambayo wengi hawakuipata tena, na labda ndiyo sababu twaikumbuka sana.

Twaliondoka Kigoma alasiri ya Jumatano. Usiku ule hatuna la kusema juu yake, ila kwamba merikebu ilisimama mara nyingi, na kila iliposimama palikuwa na kelele nyingi, na sisi tulikuwa tumeshika mbao za kitanda kwa mikono miwili, ijapokuwa mawimbi yalikuwa madogo. Mama Mkubwa alilala vizuri.

Alhamisi kulipokucha twalitoka nje. Milima ya Mahale ilikuwa nyuma yetu upande wa kushoto, imesimama wima kutoka majini, na kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462. Maji yalikuwa meusi, si ya buluu kama katika picha. Baharia mmoja alituambia kwamba chini yetu ni shimo lisilo na mfano. Na ni kweli, maana ziwa hili lafika mita 1,470 kwenda chini, na katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu, kule Urusi, lililo na kina zaidi. Mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ilikuwa ikirudi, na taa zao za karabai zimezimwa zaning'inia juu ya maji. Juu ya sitaha watu walikuwa wamekwisha kujenga mji wao: magunia ya dagaa yalikuwa kuta, mananasi yalikuwa uani, na madumu ya mawese yalikuwa viti. Mwanamke mmoja alikuwa akisuka nywele za mwenziwe. Wavulana walicheza bao. Hakuna aliyekwenda po pote, maana hapakuwa na mahali pa kwenda.

Mama Mkubwa alichagua mahali pake upande wa kulia, penye kivuli, akageuza uso wake magharibi. Upande ule hapakuwa na kitu. Mwezi wa Julai watu huchoma majani, na moshi na vumbi huziba mbali. Palikuwa na weupe tu, maji yanapoishia hapajulikani. Yeye akatazama weupe ule. Sisi tukafungua madaftari.

Sasa tueleze kosa letu, ijapokuwa latutia haya. Mvulana mmoja wa shule alikaa karibu, akatuuliza habari za merikebu, nasi, kwa kuwa ni walimu, hatukujizuia. Tulimweleza habari zote za masanduku na mafuta, na watu wakasogea kusikiliza, wakawa kumi, wakawa ishirini, na sauti yetu ikapanda kama ipandavyo darasani. Mvulana akauliza, "Na kabla ya meli hii, watu walivukaje?" Tukasema: kwa mitumbwi na kwa mashua za matanga, na wengi hawakuvuka kwa hiari; walikamatwa Manyema, wakafungwa makongwa shingoni, wakavushwa mpaka Ujiji, na toka Ujiji wakatembezwa mpaka Tabora, na wengine mpaka pwani. Kisha, ili somo lipate kuingia, tukanyosha mkono tukasema, "Hata bibi yake mama huyu aliletwa hivyo. Alikuwa mtumwa."

Watu wote walimtazama. Mama Mkubwa alivuta kanga yake juu ya kichwa, akaendelea kutazama magharibi. Mtu mmoja alikohoa. Mwanamke aliyekuwa akisuka alisimamisha vidole. Kisha wakatawanyika polepole, kama watu watokao mahali penye msiba, nasi tukabaki na mvulana, naye hakuuliza tena.

Wasomaji ambao hawakukulia Tabora labda watasema, kuna ubaya gani? Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Ni habari za vitabu. Lakini katika utoto wetu twalisikia neno lile likitupwa katika ugomvi wa mahari, na mtu mzima akainuka akaenda zake bila kula. Neno hilo si la kitabu. Sisi twalijua hivyo, tena kuliko mtu ye yote katika merikebu ile, hata hivyo tulilitoa mbele ya wageni kwa ajili ya kupendeza katika kufundisha. Twalimwendea tukamwambia, "Mama, utusamehe." Hakugeuka. Akasema tu, "Endelea na madaftari yako, mwanangu."

Hatukuweza kusahihisha hata moja.

Jua lilipokuwa limepanda tulifika Karema. Merikebu haikusogea pwani. Ilisimama mbali kidogo na kupiga honi, na mashua zikaja mbio, kila moja ikitaka kuwa ya kwanza, watu wakapanda na kushuka kwa mlango wa ubavuni, na mizigo ikarushwa juu ya vichwa. Kuku mmoja alianguka majini akaokolewa, watu wote wakashangilia. Tokea mbali twaliona miti na mapaa. Mahali hapo kwanza palikuwa na ngome ya watu wa chama cha Leopold, mfalme wa Wabelgiji, waliofika mwaka 1879. Na mwaka 1885 mapadre Wazungu, wale wenye kanzu nyeupe, wakapewa. Lakini sisi makatekista twaikumbuka Karema kwa ajili ya mtu mwingine.

Mama Mkubwa aliuliza, akiwa bado hajatugeukia, "Hapa ndipo palipokuwa yule daktari mweusi?"

Tukasema ndipo. Ndipo alipokaa Adrian Atiman, aliyezaliwa mbali sana, upande wa mto Niger, akaibiwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa kubwa, mpaka mapadre wakamnunua wakampa uhuru wake. Walimpeleka Malta kusomea uganga wa hospitali, na mwaka 1889 akaja Karema, akiwa katekista na daktari pamoja. Akaoa hapa, akatibu watu wa ziwa hili, hakuondoka mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka sitini na saba. Haya yote tuliyasema kwa sauti ndogo, na kwa yeye peke yake.

Akauliza, "Na habari ya kuuzwa kwake, nani aliisema?"

"Aliisema mwenyewe, Mama. Aliandika maisha yake mwenyewe."

Akanyamaza kidogo, akatazama mashua zinavyoondoka. Kisha akasema, "Ahaa. Aliisema mwenyewe. Hakusemewa na mwanawe."

Hatukuwa na jibu, wala hakutaka jibu. Lakini alifungua kikapu chake, akatoa mihogo ya kuchemsha, akatumegea. Nasi tuliielewa mihogo ile.

Baada ya Karema ndipo siku yenyewe ilipoanza. Tuliyafunga madaftari kwa kamba tukayaweka chini ya kichwa kama mto. Hatujui jinsi ya kuwaeleza watu wenye kazi namna saa zilivyopita. Mlima mmoja ulikuja, ukakaa karibu nasi muda mrefu, ukaenda zake. Tulikula wali na samaki wa mgebuka, tukalala. Tulipoamka mlima mwingine ulikuwa mahali pa ule wa kwanza, na wavulana wale wale walikuwa wakicheza bao lile lile. Upepo wa kusi ulivuma, maji yakafanya mikunjo midogo. Kwa kweli moyo wetu ulitusuta: saa hii wenzetu wanalima, wanafundisha, wanazika. Tukamwambia Mama Mkubwa kwamba twaona haya kukaa bure. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Babu yako mpagazi," akasema, "alitembea miezi mitatu na mzigo begani, na huyo hamwachi kumsifu. Kama angaliona mjukuu wake analala na mzigo unajiendea wenyewe, angalikasirika?" Tukasema labda angaliomba mshahara wake ule ule. Akacheka tena.

Jua lilipoanza kushuka, weupe wa magharibi ukawa mwekundu. Na kabla jua halijagusa chini, milima ikatokea. Hatukuiona ikija. Mara haikuwako, mara ikawako, mstari mweusi mrefu, kama mtu ameuchora kwa makaa: milima ya Kongo, upande wa Marungu. Mama Mkubwa akasimama, akashika chuma cha ubavuni. Wale wanawake waliokuwa wakisukana walikuwa karibu. Akawaambia, bila ya kuulizwa, "Bibi yangu alikuwa akisema maji haya hayana ng'ambo. Kumbe yanayo."

Kisha akaeleza mwenyewe. Sisi tulikaa nyuma yake, tusitie neno. Akasema kwamba bibi yake aliletwa akiwa msichana asiyefikia miaka kumi na miwili. Kwamba walivushwa usiku, na mwanamke mmoja asiyemjua alimfunika uso kwa nguo yake ili asione maji, kwa hiyo hakuona walikotoka wala wanakokwenda. Kwamba alikumbuka jina la mama yake mpaka kufa, lakini jina la kijiji lilimpotea, kwa kuwa mtoto wa kijiji hana haja ya kukiita jina, hukiita nyumbani. Akiwa mzee Tabora, kila alipokuja Mmanyema mgeni alimwita akamwomba amtajie vijiji vya kwao, kimoja kimoja, yeye akisikiliza. Mama Mkubwa alikuwa mtoto, akikaa miguuni pake. Hakusikia jina alilolitaka.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa mfanya biashara wa Moba, ng'ambo ile. Akasema, "Bibi, alikuwa na neno lo lote la kwao?" Mama Mkubwa akasema liko moja, ambalo bibi yake alilitumia kuwaitia kuku jioni. Akalitamka, mara mbili, kwa sauti nyembamba ambayo hatukupata kuisikia kwake. Mwanamke wa Moba alifikiri, akalijaribu mdomoni mwake, akatikisa kichwa. "Si lugha yetu. Labda ni ya mbele zaidi."

"Mbele zaidi ni wapi?"

Akaonyesha milima. "Nyuma ya hiyo. Safari ya siku nyingi."

Mama Mkubwa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia sokoni. Waliendelea kusimama pamoja mpaka milima ikamezwa na giza, na mwanamke yule alimtajia vijiji alivyovijua, kimoja kimoja, vya pwani na vya mlimani, naye alisikiliza vyote.

Tulifika Kirando usiku. Merikebu ilisimama, taa zake zikamulika maji, na mashua zikatoka gizani. Twaliogopa sana kwa ajili yake, maana mashua ilipanda na kushuka kama hatua ya ngazi isiyotulia. Lakini mabaharia wawili walimshika kwapani, wakangoja wimbi, wakamteremsha. Mwenye mashua akamwambia, "Bibi, kaa katikati, inamisha kichwa usitazame maji."

Akasema, "Nitatazama." Akaketi juu ya gunia, akajifungua kanga kichwani, akatazama mpaka tulipogusa mchanga.

Mwanawe alikuwa pwani na tochi, na wajukuu wamelala juu ya mizigo ya watu. Akampokea mama yake, akauliza habari za njia. Akamjibu kwamba njia ni nzuri, ina ng'ambo; na je, nyumbani kuna maji ya moto, anataka kunawa miguu.

Madaftari tuliyasahihisha Jumapili.